Ufa Wenu wa Mlango wa Mizigo na Mama Mkwe Wangu Aliyebaki

Kwa Mkuu wa Karakana ya Ndege,
Lile jengo refu lenye mlango wa kusukuma, nyuma ya uwanja.

Ndugu Mkuu,

Ndiyo, ni mimi. Mlinzi wako wa getini ameniambia ulichungulia dirishani ukauliza, "Yule mtu wa sanduku anataka nini tena?" Swali zuri hilo, na muulizaji hapotei njia. Nimeona nisikujibu kwa kupiga kelele, maana jana nilipiga na koo bado linaniwasha. Nakujibu kwa karatasi. Shule sikukaa sana, tuliachana mapema na kwa amani, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iamshe uendelee na safari.

Mimi ndiye Bwana Nata, muuza gundi. Sanduku begani, chupa ndogo ndogo ndani, napita mtaani naita, "Vilivyoachana virudiane!" Nagandisha soli, vikombe, miguu ya viti na vishikio vya sufuria. Niliwahi kumgandishia mzee mmoja meno yake ya bandia, na tangu siku hiyo hajalalamika hata mara moja. Labda mdomo nao ulishika.

Sasa nije kwenye jambo langu. Nina adabu, ila nimeumia. Ndege yenu iliyokuwa impeleke mama mkwe wangu kwake Jumanne ile mmeizuia kwa sababu ya ufa. Ufa wenyewe, kwa maelezo ya watu wako, hauzidi punje ya mchele. Mpaka leo ndege iko ndani ya karakana yako, imefunuliwa mabati ubavuni kama mgonjwa aliyepandishwa shati, na mama mkwe wangu bado amekalia kiti changu.

Ili ujue mzigo ulionitwisha, elewa kwanza kwamba yule mama alikuja kukagua. Hakusema hivyo. Alisema amekuja kuwasalimia wajukuu. Lakini mtu aliyekuja kusalimia hagongigongi kuta kwa kijiko. Siku namuoa binti yake alisema mbele ya watu, "Huyu kijana maneno yake yanashika, ila mikono yake sijui." Akawa anasubiri kuijua hiyo mikono. Na mimi nikajiandaa. Kila kilichokuwa kinalegea nyumbani nilikishika. Nikaipima gundi yangu kama nyinyi mnavyopima mafuta: itoshe mpaka ndege ipae, baada ya hapo kila kitu kianguke kwa nafasi yake.

Na ilikuwa imetosha, mkuu! Mabegi yalikuwa mlangoni. Mama mkwe alishamwambia mke wangu kwa mdomo wake mwenyewe, "Mwanangu, unaishi vizuri, roho yangu imetulia." Hayo ndiyo maneno aliyokuwa aende kuyamwaga kwa ukoo mzima. Nyinyi, asubuhi ile ile, mkaona ufa.

Basi naomba nikupangie malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema sikueleweka.

1. Mliutafuta wenyewe.

Nilikuja karakana kuuliza, na mama mkwe akasema haachwi nyuma. Mlinzi ananijua, kiatu chake cha kushoto ni kazi yangu, akatuitia yule mkaguzi wenu, mama mrefu wa ovaroli mnayemwita Mama Tochi. Akatusimamisha nyuma ya mstari wa manjano, akatuonyesha kwa mbali. Nikamuuliza kwa heshima zote: dada, huo ufa ulilia? Kuna abiria aliyeingiza kidole? Akasema hapana, kwa macho hauonekani kabisa. Wanapitisha juu ya bati kalamu yenye waya, wakitazama kioo kidogo, na mstari wa kwenye kioo ukiruka, wanajua hapo pana jambo.

Sasa sikiliza, mkuu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema uzibe. Methali hiyo naisikia tangu nanyonya, na sijawahi kusikia mahali imesema uutafute kwa kalamu ya umeme. Ukitafuta utapata. Hata mimi ukinipitishia hiyo kalamu, mstari utaruka mpaka utoke kwenye kioo.

2. Ufa uko upande wa mizigo.

Mama Tochi alitaja mwenyewe kwamba uko kwenye kona ya mlango wa mizigo. Si mlango wa abiria. Basi mizigo ndiyo iogope! Mabegi ya mama mkwe niliyabeba mimi kwa mgongo huu, na nakuhakikishia yale hayaogopi kitu, ndege ndiyo ingeyaogopa. Nikamweleza hivyo. Akanijibu, taratibu, kwamba ndege ikipanda juu wanaijaza hewa, inavimba kidogo kama puto, ikishuka inanywea, na kila ikivimba ufa unasogea. Nikamwambia dawa ni rahisi: isipande juu. Iende chini chini, juu ya paa za watu tu. Kuku anaruka hivyo hivyo miaka yote na hatujasikia ajali.

Mama Tochi akanitazama. Halafu akamtazama mama mkwe, kama mtu anayeuliza kama kuna dawa ninayotumia. Mama mkwe akamwambia, "Ndiye huyo huyo, mwanangu. Ndiye tuliyepewa."

3. Matibabu yenu ni ya kikatili.

Nilidhani mkishauona mtauziba. Nikafungua sanduku, nikatoa chupa yangu kubwa, ile yenye kifuniko chekundu ambayo siitoi ovyo. Mama Tochi akasema kwanza wanatoboa tundu kwenye mwisho wa ufa. Kutoboa! Mtu ana mkwaruzo, wewe unamchoma kisu? Akasema ncha ya ufa ni kali na inakimbia, ila ikiingia kwenye tundu la duara inakosa pa kushika. Baada ya hapo wanakata sehemu mbovu, wanaweka kiraka cha bati, wanapiga ribiti, vile vijisumari vya kufungia bati, pembeni kote, halafu wanaanza kukagua kiraka chenyewe. Yaani hamjiamini nyinyi wenyewe!

Nikamwambia, dada yangu, gundi hii inashika ukihesabu vidole vya mkono. Tunapaka, tunapitisha rangi nyeupe juu, abiria anapanda anatabasamu. Akaniuliza, "Na wewe utapanda?" Nikamwambia mimi sina safari, mimi ni mtu wa kazi.

4. Mnagawa elimu ovyo.

Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Mama Tochi aliona mama mkwe anauliza maswali ya maana, akampenda. Akaenda akamletea kipande cha bati bovu, akamwonyesha njia yao nyingine. Unapaka maji mekundu. Unayaacha yanywe. Unafuta yote mpaka bati linang'aa kama halijawahi kuguswa. Halafu unapuliza unga mweupe, unakaa kimya. Kidogo kidogo, kwenye ule weupe, ufa unaanza kutoka damu. Mstari mwekundu, mwembamba, unajichora wenyewe.

Mama mkwe alijishika mdomo. Sijawahi kumwona amefurahi vile, hata siku ya harusi yetu. Hasa siku ya harusi yetu. Tukiwa njiani kurudi aliniambia nisimame dukani. Akatoka na chupa ya wino mwekundu na kopo la poda ya mtoto.

Mkuu, karakana yako ina uzio, ina geti, ina mlinzi. Maarifa nayo si mngeyafungia humo humo?

5. Yaliyonikuta nyumbani.

Alianza na vikombe. Akavipanga mezani, wino, kitambaa, poda. Vyote vikatoka damu. Kile kizuri cha mgeni, ambacho amekuwa akinywea yeye tangu afike, kilitoka damu kuzunguka mpaka kwenye mkono. Akakigeuzageuza, akasema, "Kumbe nilikuwa nanywea kwenye ahadi." Akahamia kwenye kigoda nilichomwambia kimechongwa kwa gogo moja. Gogo moja likawa vipande ambavyo hata mimi nilikuwa nimeshasahau idadi yake. Watoto wangu wa kuwazaa, badala ya kumtetea baba yao, wakawa wanakimbia nyumba nzima wakileta vitu: "Bibi, na hiki! Bibi, na hiki nacho!" Mke wangu alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa kanga. Nikamwona anacheka, nikapoa. Mke akicheka, nyumba haijaungua.

Halafu bibi akaingia chumba cha watoto.

Mle ukutani kuna kalenda. Ni ya mwaka uliokwisha, ina picha ya mlima wenye theluji. Mke wangu ameshaniuliza kwa nini siitoi, nikamwambia naupenda ule mlima. Mama mkwe akaishika kona yake. Akasema, "Mtu anayepumzika katikati ya ngazi, leo anapenda mlima?" Akaivuta.

Pale hapakuhitaji hata wino. Ufa unatoka kona ya dirisha unashuka mpaka chini, nimeujaza gundi mwaka hadi mwaka, na rangi juu yake. Lakini yule mama ni mwanafunzi mzuri, hakuruka hatua. Akapaka, akafuta, akapuliza. Mkuu, ukuta ulitoka damu mpaka mwanangu mdogo akauliza kama unaumwa. Na ile ncha, bibi akaionyesha kwa kijiko, ilishaipita gundi yangu zamani, imekata kona, inaelekea kilipo kitanda. "Unaona?" akasema. "Inakimbia. Mkaguzi si alisema?"

Mke wangu hakucheka. Aliniuliza neno moja tu: "Ulijua?"

Mimi ni mtu wa kujibu. Nimemjibu askari, nimemjibu mwenye nyumba, nimewajibu wateja walionirudishia viatu wakiwa peku. Hilo nililijibu kwa kukohoa.

Watoto sasa wanalala sebuleni. Mama mkwe amekaa kwenye kiti changu, anatazama ule ukuta kupitia mlangoni kama watu wanavyotazama mpira. Ile "roho yangu imetulia" ameiondoa. Kanitangazia kwamba akifika atawaeleza ndugu alichokiona, na atakachowaeleza ni chekundu.

6. Biashara yangu imekufa.

Jirani yetu, muuza mkaa, aliazima wino kidogo "kwa majaribio." Sasa mtaa mzima unanuka poda ya mtoto. Napita na sanduku, badala ya kuniita Bwana Nata wananiita Fundi Damu. Mtu ananiletea kikombe nilichomgandishia, kimekwisha kujichora, anakiweka tu mbele yangu tutazamane nacho. Hata yule mzee wa meno alipita. Akafungua mdomo. Sitaki kueleza.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, kwa sababu hizo zote, namuomba mtu mzima mwenzangu mambo yafuatayo, na ukinipa moja tu nitashukuru.

Kwanza, rudisha mabati yake, panguseni alama za chaki mlizochora ubavuni, ndege ipae na mama mkwe akiwa ndani. Ndege ngapi zimeruka na nyufa zake kwa raha kwa sababu hakuna aliyeziambia? Kinachomsumbua mgonjwa ni kupimwa. Mkiwa na wasiwasi, rubani asiambiwe, asije akaendesha kwa woga.

La pili, kama hilo limeshindikana, mtume Mama Tochi nyumbani kwangu amwambie mama mkwe kwamba ile njia ya wino ni ya ndege peke yake, na kwamba ikitumika kwenye ukuta inasema uongo. Akisema yeye ataaminiwa. Nikisema mimi, unajua.

La tatu, kama na hilo ni gumu, mtafutieni ndege nyingine. Iwe ndogo, iwe kuukuu, iwe ya kubeba mbuzi, yeye si mtu wa kuchagua, na mimi ndiye ninayemsemea.

Nisalimie wote. Mlinzi mwambie asikanyage maji kwa mguu wa kushoto. Wapiga ribiti nawasikia mpaka barabarani, wasichoke. Yule binti wa kaunta anayetoa habari za safari nimemsamehe, najua hazitungi yeye. Mama Tochi naye msalimie, ingawa yeye na mimi bado tuna neno. Na wewe mwenyewe nakusalimu, nikiwa nimesimama mbele ya geti lako bila nia mbaya.

Ni mimi mlalamikaji wako,
Bwana Nata, wa Vilivyoachana Virudiane.

Nyongeza: Mkuu, yote uliyosoma huko juu yasome kinyume. Ningeichana barua nianze nyingine, ila karatasi ni moja na hapa niko upande wa nyuma.

Nilikuwa nakuja kukuletea. Nikakutana na binti wa kaunta nje ya geti, akanipa habari njema kwamba kazi imefika mwishoni, kiraka kimekaa, ndege karibu itaondoka. Mkuu, nilikimbia. Nilifika nyumbani sina pumzi, nikitaka mimi ndiye niwe wa kwanza kumpa mama mkwe habari hiyo. Nikakuta mabegi mlangoni yameongezeka. La mke wangu lipo. La watoto lipo, na ule mdoli usio na jicho umechungulia kwenye zipu. Wanaondoka na bibi yao. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Sitawalaza watoto wangu chini ya kalenda. Ukuta ukiwa ukuta, utatuita."

Unajua neno la kwanza lililonitoka ni lipi? Nilisema, "Lakini ile ndege ina ufa!"

Mama mkwe akanitazama kwa upole kabisa. "Si ulisema ni punje ya mchele?"

Basi ile namba moja yangu ifute. Tafuta, mkuu. Pitisha ile kalamu kila mahali, kwenye mabawa, kwenye mkia, chooni, hata kwenye kofia ya rubani. Namba mbili, mlango wa mizigo ni mlango kama milango mingine, na habari za kuku zisitajwe tena mbele ya watu. Namba tatu, toboa. Toboeni mpaka huo ufa ujute. Mkikuta mle ndani gundi yoyote, hata kama ni yangu, hasa kama ni yangu, ibandueni. Na mkishapiga kiraka, msijiamini. Kikagueni tena, halafu Mama Tochi aje akikague amekasirika.

Tena msifanye haraka. Naandika huku nina vumbi la ukuta mpaka kwenye kope. Nimeubomoa. Niliupiga nyundo moja tu, mkuu, na uliobaki ulianguka wenyewe, mpaka pale miguu ya kitanda ilipokuwa. Tulisimama wote tukaitazama ile sehemu. Mama mkwe akachukua koleo. Wahenga walishaniona, ufa sikuuziba na sasa najenga. Mchanga umefika, saruji imefika, na fundi wa matofali ameniambia nisiguse kitu, nichote maji tu. Mke wangu amekubali kwamba ukuta ukisimama kabla ndege haijatoka, mabegi yanarudi ndani. Mkaguzi ni mama yake, na wino bado upo.

Kwa hiyo tufanye hivi, mimi na wewe. Wewe kaa na ndege yako, mimi nikae na ukuta wangu, kila mtu afanye kazi yake kama inavyotakiwa. Nikiwahi mimi, mlete Mama Tochi aupake wino mbele ya mtaa mzima. Ukitoka damu hata tone, naubomoa tena bila kubisha. Ukiwahi wewe, hutanisikia getini. Nitawaleta wangu mwenyewe, na mabegi nitabeba. Ila siku hiyo na wewe umpandishe mama mkwe wako kwenye ndege ile ile, akae kiti cha jirani na wanangu. Nikimwona anapanda, nitajua imepona.

Hapana, ngoja. Mama mkwe si dhamana. Mpandishe mama yako mzazi.